Naomba ushauri: Mpwa wangu anakamatwa Eastleigh licha ya kuwa na kitambulisho

Ndugu zangu, mpwa wangu ni Mkenya wa asili ya Kisomali, na askari wa doria humsimamisha mara kwa mara hapa Eastleigh, Nairobi. Juzi walimlaza kituoni ingawa aliwaonyesha kitambulisho chake cha kitaifa. Sisi tunaoukumbuka msako wa polisi wa Aprili 2014, Wasomali wengi walipozuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, hatuwezi kulichukulia jambo hili kuwa dogo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa, naye hakuelezwa lolote. Je, tuwasilishe malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, au tuanze kwa mkuu wa kituo? Dada yangu anahofia kwamba kijana ataandamwa zaidi. Tena, tutathibitisha vipi, iwapo jina lake halikuandikwa katika kitabu cha matukio (OB) cha kituo?