Naomba ushauri: kamera ya mtumba ya kuanzia, niko Kisumu

Hamjambo wenzangu. Nataka kuanza kupiga picha: wavuvi na ndege pale Dunga, baadaye harusi ndogondogo. Bajeti ni shilingi 20,000, hapo nimejikaza. Nimeonyeshwa Nikon D3100 na Canon 1100D, zote mitumba, kila moja na lenzi ya 18-55mm.

Nikon imenikaa vizuri mkononi, ila haina mota ya fokasi ndani (ile inayolenga picha itoke kali). Nikiiwekea ile lenzi ya zamani ya Nikon ya 50mm f/1.8D, ambayo nayo haina mota, itabidi nizungushe fokasi kwa mkono, na bibi harusi hangoji mtu! Lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8 ina mota yake.

Nikague nini kabla ya kulipa? Kuvu kwenye lenzi nitaimulika kwa tochi. Shata je, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, nitajuaje imechoka? Na kwa ndege walio mbali, 18-55mm si nitaambulia vidoa tu?