Voodoo, RIVA 128 au Vérité: ipi inafaa kwenye Pentium MMX ya 200?

PentiumYaBaba

Wakuu, habari za jioni. Nimefufua kompyuta ya marehemu baba: Pentium MMX ya megahezi 200, RAM megabaiti 64, Windows 98, mazabodi yenye sloti nne za PCI na haina AGP (sloti maalumu ya kadi za picha). Ndani nimekuta kadi ya picha ya S3 ViRGE ya megabaiti 4, nzima kabisa. Mzee alikuwa akifanyia hesabu za duka mchana, sisi watoto tunaivamia usiku kucheza Quake.

Nataka iweze kucheza gemu za 1996 hadi 1998 zikiwa na sura yake halisi. Muuzaji mmoja wa vifaa vya zamani aliye Ulaya ana kadi tatu: Diamond Monster 3D (Voodoo ya kwanza), STB Velocity 128 ya PCI (RIVA 128), na moja yenye chipu ya Rendition Vérité V1000. Nikihesabu na usafirishaji, mfuko unaruhusu moja tu. Nichukue ipi, na kwa nini? Msinijibu jina tu, nataka kuelewa.

SelemaniBodi

Voodoo mkuu. Pole kwa kumpoteza mzee.

Bi_Pikseli

Umeomba sababu kaka, ngoja nikupe.

Tuanze na hiyo ViRGE. Kwa kazi za kawaida na gemu za DOS ni kadi nzuri sana, maana S3 walijenga juu ya ukoo wa Trio64, chipu yao ya awali, na Trio64 inaelewana na karibu kila gemu ya DOS. Shida yake ni 3D. Ukiiwashia usahihi wa mtazamo na ulainishaji wa teksicha (picha zinazobandikwa juu ya maumbo), inazidiwa na prosesa ikichora peke yake bila msaada. Enzi zile Wamarekani waliipa jina la kadi ya kupunguza kasi, na si kwa kuionea.

Voodoo Graphics, yaani hiyo Voodoo ya kwanza, ilitoka 1996. Watu wa 3dfx walioiunda waliilenga kwanza mashine za gemu za kwenye kumbi, kisha bei ya RAM aina ya EDO ikaporomoka mwaka huohuo, ndipo chipu ile ikawezekana kuuzwa kwa mtu wa nyumbani. Inafanya kazi moja tu: 3D. Haijui kuchora dirisha la Windows wala herufi za DOS. Ndiyo maana inahitaji kadi ya pili. Waya mfupi unatoka kwenye tundu la ViRGE yako unaingia Voodoo, na monita unaichomeka kwenye Voodoo. Gemu ya 3D ikianza, Voodoo inaikata picha ya ViRGE na kuweka ya kwake. Kwenye kadi za Orchid Righteous 3D ulikuwa unasikia kabisa swichi ikilia "tik" ndani ya kasha.

Sasa kwa nini watu wanaikumbuka? Ukisogelea ukuta kwenye Quake ya kawaida unaona vigae vikubwa vya rangi. Voodoo inachanganya rangi za jirani, kwa hiyo ukuta unabaki ukuta hata ukiugusa kwa pua. Maji yanaonyesha kilicho chini yake. Moshi ni moshi. Na haya yote inayafanya bila kupunguza mwendo, kwa sababu chipu ilijengwa hivyo tangu mwanzo. Kadi nyingi za wakati ule zilikuwa na orodha ndefu ya uwezo kwenye boksi, lakini kila uwezo unaouwasha unalipia kwa kasi.

Mipaka yake nayo uijue. Ina megabaiti 4, lakini zimegawanywa: 2 za picha ya skrini, 2 za teksicha, na upande mmoja hauazimi wa mwenzake. Fanya hesabu. Skrini ya 640 kwa 480 yenye rangi za biti 16 ni baiti 614,400. Unahitaji nakala tatu: picha inayoonekana, picha inayochorwa nyuma, na bafa ya kina inayokumbuka kila pikseli iko umbali gani ili cha mbele kifunike cha nyuma. Jumla 1,843,200, inaingia ndani ya megabaiti 2. Ukipanda 800 kwa 600 unafika 2,880,000 na hapo imegoma, labda gemu iwe haitumii bafa ya kina. Kwa hiyo Voodoo ya kwanza ni kadi ya 640 kwa 480. Kwa prosesa yako hilo halikupunguzii kitu.

Mwana_Mvita

Bi Pikseli amesema kweli tupu, ila nina neno juu ya RIVA 128, maana naona inapitwa hivihivi.

Mimi niliitumia 1998 nikiwa masomoni Uingereza. Kadi moja, sloti moja, hakuna waya wa kupitishia. Windows yake ilikuwa kali na safi, na picha ya kadi yako ya 2D haipitii njia ndefu, maana ule waya wa Voodoo ukipandisha rezolusheni kwenye Windows herufi zinaanza kuwa na ukungu. Halafu RIVA ina njia ya kumbukumbu ya biti 128 na yenyewe inapanga pembetatu (vipande vinavyounda maumbo ya 3D) kabla ya kuzichora, kazi ambayo Voodoo ya kwanza inamwachia prosesa sehemu kubwa. Kwa mtu mwenye prosesa ya megahezi 200 hilo si jambo dogo.

Na tusisahau ilikotoka. Kadi ya kwanza ya NVIDIA, walioiunda RIVA, ni NV1 ya 1995, na ilichora kwa maumbo yaliyopinda badala ya pembetatu. Microsoft walipoleta Direct3D, lugha yao ya kuandikia gemu za 3D, iliyojengwa juu ya pembetatu, NV1 ikabaki bila wa kuiandikia gemu, na kampuni ikakaribia kufa. RIVA 128 ya 1997 ndiyo iliyowaokoa. Waliacha ubishi wakaifuata Direct3D moja kwa moja. Gemu za Direct3D za 1997 na 1998 zinaipenda.

Ila ukweli niuseme: picha yake ni chafu kuliko ya Voodoo. Kuna nyufa ndogondogo kati ya pembetatu, vinukta vinaonekana angani, na kwenye sehemu zenye ukungu rangi zinakatika. Mwanzoni mimi sikuziona. Nilipoenda kwa rafiki mwenye Voodoo nikaziona, na tangu siku hiyo sikuweza kuacha kuziona.

Bi_Pikseli

Umenena vyema ndugu yangu, na hoja ya pembetatu naikubali. Lakini tazama alichoomba: gemu za 1996 hadi 1998, na zenye sura yake halisi. Kipindi kile Direct3D ilikuwa bado changa na watengenezaji wengi waliandika kwa Glide, lugha ya 3dfx wenyewe. Gemu ya Glide kwenye RIVA haifunguki, au inarudi kuchorwa na prosesa. Mwenye RIVA anachagua gemu kulingana na kadi. Kwa mwenye mashine ya 1997 mimi sioni kama hilo ni biashara nzuri.

Kasha_la_Beige

Naomba niitetee Vérité japo kidogo. Ndiyo iliyocheza Quake kwa 3D ya kadi kabla ya wote. vQuake, toleo la Quake la Vérité, ilitoka Desemba 1996; GLQuake, toleo la kadi nyingine za 3D kama Voodoo, ikafuata Januari 1997. Ndani ya V1000 kuna prosesa ndogo ya RISC inayoweza kupangwa upya kwa programu, wazo lililokuja kutawala miaka mingi baadaye, na vQuake ililainisha kingo za maumbo, kitu ambacho GLQuake kwenye Voodoo haikufanya. Nikiitazama leo bado naona uzuri wake.

Lakini kwa mashine moja tu, siwezi kukushauri. Gemu za DOS zinazotumia VGA ya kawaida (mfumo wa picha wa zamani) zinatambaa juu yake. Ukiiweka unaondoa ViRGE, na unapoteza kile ViRGE inachokifanya vizuri kuliko zote. Ikiwa siku moja utakuwa na mashine ya pili, ndiyo kadi ya kuiweka humo.

SelemaniBodi

Kwa nini hamjamtajia Voodoo2? Bei zake siku hizi hazipishani sana na za hiyo ya kwanza.

Bi_Pikseli

Swali zuri Selemani. Voodoo2 ya 1998 inakwenda megahezi 90 badala ya 50, ina chipu mbili za teksicha na inapanga pembetatu yenyewe. Ukiwa na megabaiti 4 za skrini unapata 800 kwa 600 bila shida. 1024 kwa 768 inataka baiti 4,718,592 kwa hesabu ileile, haingii, ndiyo maana watu walifunga mbili kwa pamoja, moja ichore mistari shufwa na nyingine mistari witiri.

Lakini kwenye Pentium MMX ya 200 kadi itakuwa inakaa kumsubiri prosesa. Na kuna gemu za DOS za mwanzo ambazo Glide yake ilishonwa ndani ya gemu yenyewe kwa ajili ya Voodoo ya kwanza. Baadhi zikiona Voodoo2 zinagoma au zinaharibu picha. Kwa Pentium II ningesema Voodoo2 bila kusita.

Mwana_Mvita

Hapo nimekubali. Kwa mashine hii, iwe Monster 3D. PentiumYaBaba, ikifika itazame vizuri upande wa nyuma kabla ya kuichomeka. Zile kapasita ndogo hung'oka kwenye usafiri. Na mwombe muuzaji akupe na waya wa kupitishia. Bila huo kadi haikufai kitu, na kuupata peke yake ni kazi.

PentiumYaBaba

Nawashukuru sana, nimeagiza Monster 3D. Nitaleta mrejesho.

*Wiki tano baadaye*

PentiumYaBaba

Wakuu, mrejesho. Kadi imefika na waya wake. Nilipowasha mara ya kwanza skrini ikabaki nyeusi, nikadhani imekufa njiani. Kumbe nilikuwa nimebadilisha matundu: waya wa ViRGE niliuchomeka pa monita na monita nikaichomeka pa waya. Nikageuza, Windows ikaja.

GLQuake kwa 640 kwa 480 nimepata kama fremu 25 kwa sekunde kwenye onyesho la kwanza la majaribio. Kasi si kubwa, lakini haikwami. Nilisimama mbele ya ukuta wa mwanzo kabisa wa gemu, ule wa matofali ya kahawia, nikausogelea mpaka mwisho. Hakuna vigae. Nimemwita mdogo wangu naye akaja akasimama nyuma yangu, hakuuliza kitu, akavuta kiti.

Bi Pikseli, ule ukungu wa herufi aliousema Mwana_Mvita nauona kweli nikiweka Windows kwenye 1024 kwa 768. Kwenye 800 kwa 600 ni kidogo mno. Je, waya mfupi zaidi utasaidia?

Bi_Pikseli

Hongera sana kaka! Ndiyo, waya mfupi wenye ganda nene na ncha zilizofungwa vizuri unasaidia. Huo uliotumiwa una umri wa miaka karibu thelathini, na ndani nyaya zake ni nyembamba. Kama kuna fundi karibu nawe anayejua kuchomelea, akutengenezee wa sentimita 20 au pungufu, kila rangi na waya wake wenye kinga. Kwa sasa baki kwenye 800 kwa 600.

PentiumYaBaba

Sawa dada. Fundi yupo, nampelekea Jumamosi.