Kuhusu: Kijana anauliza habari za wahamiaji magazetini

Salaam wote,

Dada uliyeuliza umjibu vipi kijana wako kuhusu habari za wahamiaji, usimkataze kusoma magazeti, ila usimwanzishe na ya leo. Habari za mashua za Channel, zile za wahamiaji wanaovuka bahari kutoka Ufaransa kuja Uingereza, zina moto mno, na mtoto anazisoma akihisi ni yeye anayesemwa. Darasa letu la Jumamosi hapa Leicester, Uingereza, huwa tunaanzia Septemba 1972.

Agosti ya mwaka huo Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Halmashauri ya jiji hili ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kulekule Uganda, kuwaambia wasije Leicester. Sababu zake: maelfu ya familia zinasubiri nyumba, mamia ya watoto hawajapata nafasi shuleni, huduma za afya na za jamii zimeelemewa. Wape watoto nakala, wapige mstari chini ya kila sababu. Kisha wape gazeti la wiki hii na kalamu ileile. Huna haja ya kuhutubu, wanaanza kuitana wenyewe: “Njoo uone, hii hapa tena!”

Lakini msiishie kwenye kufanana, maana mtoto ataondoka akidhani kila aliyelalamika alikuwa mwongo. Foleni ya nyumba ilikuwepo kweli. Mimi huwauliza: nani amehojiwa, na nani anasemwa tu? Wengi wa waliokatazwa walikuwa na pasipoti za Uingereza, ingawa sheria ya uhamiaji ya 1968, iliyopitishwa bungeni kwa siku tatu ili kuwazuia Waasia wa Kenya, ilishazipunguzia nguvu. Jambo hilo la pasipoti, tangazo halikuligusa.

Uingereza iliwapokea takriban 28,000, na maelfu wakaja papa hapa. Mwaka 2022 jiji liliadhimisha miaka 50 ya kufika kwao. Ziwekeni habari hizo kando ya lile tangazo, kijana aeleze mwenyewe kilichobadilika.

Kuhusu nakala: picha ya tangazo inapatikana kwenye intaneti. Magazeti mengine ya zamani, kabla hujalipia popote muulize mkutubi wa mtaani kwenu, kwani maktaba nyingi zinayafungua bure kwa kadi yao. Na hapa jijini, mtaa wa Belgrave, wapo wazee waliotoka Kenya na Uganda, Kiswahili bado wanacho. Kijana aandae maswali, nitawaomba wawili watatu waje darasani. Mlete Jumamosi saa nne asubuhi.