Tupeane uzoefu: bunduki ilifikaje kwenye avenyu yenu?

Ndugu wa Goma, kila asubuhi tunaulizana nani kavamiwa usiku. Bunduki yenyewe ilitoka wapi, nani aliiuza, hatuulizi. Andikeni mliyoyaona. Majina ya watu na namba za parseli msitaje.

Mama wa Katoyi
Kwetu walikuja watatu, saa nane usiku. Nyumba yetu ni ya mbao. Sasi liliingia ukuta wa sebuleni, likatoboa sufuria, likatokea kwa jirani. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe, ila simu na pesa ya biashara walibeba. Asubuhi vijana waliokota maganda matatu ya risasi, shefu wa avenyu akayafunga kwenye karatasi ya daftari, akayapeleka. Mpaka leo hakuna aliyekuja kutuuliza neno.

Mwanafunzi wa sheria
Pole sana mama. Yale maganda, kwenye kitako huwa yamechongwa alama ya kiwanda na mara nyingi mwaka. Kama kuna mtu aliyapiga picha, itunzeni.

Muuza nyanya, Petite Barrière
Mimi nikivuka kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, wanapekua hadi chini ya kapu. Sawa, wapekue. Lakini mpaka wetu si barrière peke yake: kuna ziwa, kuna msitu wa Virunga. Huko nani anapekua? Bamama wa nyanya ndio tunamalizwa na ukaguzi.

Motari (dereva wa pikipiki), Ndosho
Januari 2025, vita ilipoingia mjini, askari waliokimbia walitupa bunduki na sare hadi kwenye mitaro. Watoto waliziokota, niliona kwa macho yangu. Kijana mmoja alinieleza waziwazi kwamba nyingine zinakodishwa: unaichukua jioni, asubuhi unairudisha kwa mwenyewe na fungu lake. Huyo mwenyewe hajawahi kugonga mlango wa mtu, na ndiye anayetuua.

Mwanafunzi wa sheria
Motari umegusa penyewe. Sheria yetu ya silaha ni ya 1985, enzi ya Mobutu. Protokali ya Nairobi ya 2004, yaani mapatano ya nchi za kanda yetu kuhusu silaha ndogo, Kongo imo, inataka kila bunduki ichongwe namba kiwandani, itiwe alama tena inapoingizwa nchini, na iandikwe kwenye rejesta. Yaani njia ya kumfikia muuzaji ipo kwenye karatasi. Na si shida yetu peke yetu. Mexico ilivishitaki viwanda vya Marekani mwaka 2021, ikidai bunduki zinanunuliwa madukani kule kisha zinavushwa kwa magendo. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ikaikataa kesi, kwa sababu kuna sheria ya 2005 inayowakinga watengenezaji na wauzaji. Kwa hiyo mimi nadai hivi: nchi za Maziwa Makuu zifunguliane rejesta, na anayeuza au kukodisha bila kibali ahukumiwe sawa na aliyefyatua.

Mama wa Katoyi
Picha ninayo. Nimpelekee nani?