Mhusika akiongea peke yake: ni uzungumzi nafsia kila mara?

binti_wa_Igogo: Shikamooni wakubwa. Nipo kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), hapa Mwanza. Tumepewa kazi ya kuandika onyesho moja la tamthilia. La kwangu liko soko la samaki la Mwaloni Kirumba: mama mchuuzi wa dagaa katanguliza hela kwa mwenye mtumbwi, kumbe jamaa mzigo keshamuuzia mnunuzi wa Kongo. Huyo mwenye mtumbwi anajisemea mara kadhaa. Mwenzangu anasema zote ni uzungumzi nafsia. Kweli? Halafu kwenye mabano nimeandika: "Mama anamkumbuka marehemu mumewe." Iko sawa?

Mzee wa Jukwaa: Marahaba, mjukuu. Jiulize anayesikia ni nani. Jamaa akibaki peke yake jukwaani, roho inamsuta, anajisemea: huo ndio uzungumzi nafsia. Mama akiwa palepale anahesabu hela za kumalizia, naye jamaa akatugeukia sisi watazamaji, "Masikini, mzigo umeshavuka mpaka," hiyo ni kando. Sisi tumesikia, mama hakusikia.

Akiwahutubia wachuuzi ni jambo jingine kabisa. Soma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, Mwalimu Nyerere aliitafsiri 1963. Mark Antony akiachwa na maiti ya Kaizari anaiomba msamaha, hakuna wa kumsikia. Onyesho linalofuata anawahutubia Warumi, umati unawaka. Mtu yuleyule, maiti ileile.

Kando yako ndiyo nyama ya onyesho. Baada ya hapo mama akisema, "Mwaminifu wa Mwaloni nzima ni wewe tu," ukumbi utaguna. Hicho ni kinaya, sisi tunajua asichokijua yeye; usikiharibu kwa kumjulisha mapema.

Mabano sasa. Maelekezo ya jukwaani yanamwambia mwigizaji afanye nini. Huko kukumbuka, aliyekaa kiti cha nyuma atakuonaje? Andika: anafungua fundo la khanga, anatoa pete, anaitazama, anaifunga tena.

Kulwa_Nyakato: Mzee, kando mimi naiona ya kizamani. Auze mzigo mbele yetu mwanzoni, kinaya kitabaki.

Mzee wa Jukwaa: Ingewezekana, ila kapewa onyesho moja, na huko kuuza kutamla nusu. Halafu watu wa huku wamezoea kusemeshwa. Nenda kwenye ngoma za Bagika na Bagalu, vikundi vya ngoma vya Wasukuma, uone manju, yule kiongozi wa nyimbo, anavyowachokoza watazamaji.

binti_wa_Igogo: Asante babu, "anamkumbuka" nimeifuta. Pete iwe ya dhahabu?

Mzee wa Jukwaa: Ya shaba inatosha. Ila iwe kubwa.