Mrejesho: ile biri yenye ladha ya kahawa

Wakuu, niliuliza kama biri (ile sigara nene ya majani ya tumbaku) iliyotiwa kahawa ina ladha kweli au ni harufu tu. Nimeshaivuta, nawaletea jibu.

Kabla ya kuwasha, kahawa inanukia hasa, na ncha ya mdomoni ina utamu wa sukari. Utamu huo ndio ulionikera. Unabaki midomoni kama pipi. (Wapenda kahawa chungu, mmeonywa.) Ukishawasha, mambo yanabadilika. Mwanzoni kahawa iko mbele, kama ya maziwa hivi, halafu tumbaku inashika usukani taratibu. Kufika nusu, kahawa imebaki kwenye harufu ya moshi kuliko ulimini. Aliyeniambia nivute polepole, takriban pafu moja kwa dakika, alisema kweli: nikiharakisha, moto unapanda na uchungu unakuja. Moshi huuvuti hadi mapafuni, unauonja tu mdomoni. Hata hivyo nikotini inaingia, kichwa kilikuwa chepesi kidogo.

Aliyeuliza kuhusu kuhifadhi: usiiweke kasha moja na biri za kawaida, zitanuka kahawa zote.

Nitanunua tena? Labda isiyo na sukari nchani.