Tipsi za akriliki: namba 4 yapanda ngozi, namba 5 yabana. Nichukue ipi?

KuchaKisauni:
Assalaam aleikum dada zangu. Natumia kisanduku cha tipsi 500 (ncha za plastiki za kubandika kwenye kucha), namba 0 iliyo pana zaidi hadi 9 iliyo nyembamba zaidi, hamsini hamsini kila namba, zile zenye kibonde kirefu nyuma, yaani ile sehemu yenye shimo inayokalia ukucha. Mteja ana kucha pana tena bapa. Kidole cha pete, namba 5 yafunika ukucha nikiibonyeza, lakini nikiachilia pembe zainuka. Namba 4 yakalia ngozi pande zote mbili, kama nusu milimita. Mara ya mwisho alibandikwa zile za kubana: zilipasuka kando kabla ya wiki kwisha, na vidole vilimuuma usiku wa kwanza. Ana harusi Ijumaa ijayo, hina ni Jumatano. Nichukue namba ipi, na kucha ziwe kabla ya hina au baada?

MamaTupa:
Wa aleikum salaam. Chukua 4, uitie tupa. Tipsi pana hupunguzwa, nyembamba haiongezwi.

Hiyo 5 haijakaa, umeilazimisha. Plastiki ikikunjuliwa hutaka kurudi kwenye mpindo wake, nayo huuvuta ukucha wa asili usiku kucha. Ndiyo yale maumivu. Ukishaweka akriliki juu yake kila kitu kinakuwa kigumu, hakuna pa kunepa, basi ufa huanzia kando, pale tipsi inapokutana na ukucha.

Kabla ya kupima, sukuma ngozi ya mzizi na ya kando, hasa kwenye gumba. Ngozi iliyolala juu ya ukucha hukudanganya ukachukua tipsi nyembamba mno. Kisha weka tipsi bila gundi na bila kubonyeza, ukitazama kwa mbele, jicho lako usawa mmoja na ncha ya kidole. Kingo zake ziishie ndani ya mifereji ya kando: usione ukucha uliobaki nje, wala plastiki juu ya nyama. Iguse kidogo kwa kidole. Ikiyumba kama dau, mpindo haulingani hata kama upana ni sawa.

Kupunguza ni kwa tupa ya 180 (namba ya ukali wake), mikwaruzo mitatu minne, jaribu, rudia. Toa sawa kulia na kushoto, la sivyo tipsi itaelekea kombo. Na upunguze pale nyuma panapokalia ukucha, kisha uje mbele taratibu ukisawazisha. Ukichimba sehemu moja tu utaiacha na kiuno, na hapo ndipo itakapovunjikia.

Pima vidole vyote kumi. Mkono wa kulia na wa kushoto mara nyingi havifanani, gumba ndilo hasa. Zipange tipsi kwa mfuatano juu ya taulo kabla hujafungua gundi.

NyaliAkriliki:
Sawa kabisa, ila kwa kucha bapa namba ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kibonde. Kirefu hulala juu ya eneo kubwa la ukucha, na kila mahali pasipolingana pataacha hewa. Kikate kwa mkasi mdogo kwa umbo la V, au ununue zenye kibonde kifupi. Plastiki isivuke nusu ya ukucha. Mimi napendelea theluthi, maana akriliki ishike ukucha wenyewe, si plastiki.

Pia usichanganye mabaki ya visanduku viwili. Namba 4 ya mtengenezaji huyu si namba 4 ya yule. Na gumba likiwa pana hata 0 haifiki, achana na tipsi kwa kidole hicho, jenga akriliki kwa fomu ya karatasi, ile inayowekwa chini ya ncha ya ukucha.

FundiLikoni:
Kuhusu hina: kucha kwanza, Jumanne. Vumbi la tupa na kufutafuta kwa spiriti huikwaruza hina mpya, na baada ya hina watu hupaka mafuta, adui wa gundi na akriliki. Anayepaka hina aambiwe tone likiangukia ukucha alifute hapo hapo, hasa zikiwa nyeupe au za rangi hafifu.

Gundi iwe tone moja ndani ya kibonde. Ingiza tipsi kwa pembe ya nyuzi 45, ukingo wa ukucha uguse ukuta wa kibonde, ndipo uilaze polepole hewa itoke, ushike sekunde 5 hadi 10. Ukiona kiputo, itoe uanze upya, usikifunike. Unyevu ukinaswa chini, bakteria wa Pseudomonas huzaana na ukucha hupata doa la kijani. Kwa joto hili letu, ukishakausha ukucha mteja asijifute jasho wala kugusa nywele.

KuchaKisauni:
Ahsanteni sana. Nianze kukata kibonde au kupunguza kando?

NyaliAkriliki:
Kibonde kwanza. Kikifupishwa tipsi hunepa kirahisi, kwa hivyo 4 huenda ikataka kupunguzwa kidogo tu. Kata kibonde cha 5 moja pia uijaribu. Ikikaa bila kubonyezwa, pembe zimelala na kingo zimefika mifereji yote miwili, itumie hiyo. Pembe zikiinuka hata kidogo, rudi kwa 4.